Msimu Tuliokifunga Kilima

28 Septemba

Leo asubuhi tumekutana kwenye uwanja wa shule, tukakubaliana kukifunga kilima. Nasema tumekubaliana, lakini ukweli ni kwamba wengi walinyoosha mikono, wachache walitazama miguu yao, na mtu mmoja akasimama akaondoka. Mtu huyo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Watu humwita Kengele, kwa sababu husikii hatua zake akija, unasikia kengele za mbuzi wake.

Mpango wenyewe ni huu. Kilima chetu kimekuwa kipara. Mvua ikinyesha, maji yote yanateremka kwa pamoja kama wanafunzi waliosikia kengele ya kutoka, yanaingia korongoni, yanakula kingo na kwenda zao. Siku ya tatu hatuna maji, tuna korongo pana zaidi. Sasa tutachimba mashimo ya nusu mwezi mteremko mzima, kila shimo limeelekeza mdomo wake juu ili lidake maji. Ndani yake tutapanda nyasi na miche. Korongoni tutajenga kuta za mawe, maji yapunguze mwendo na kuacha udongo. Na kuanzia leo hadi mavuno hakuna mnyama kupanda kilimani.

Mwenyekiti wa kikundi ni mama mmoja mwoka mikate. Ana tabia ya kusema neno mara mbili, kama anayeligeuza ili liive pande zote. "Hakuna mnyama," alisema. "Nimesema, hakuna mnyama." Hapo ndipo Kengele aliponyanyuka.

Mume wangu ni mwashi, kwa hiyo wamemchagua kusimamia kuta na vipimo. Walipompigia makofi, yeye alikuwa anautazama mgongo wa kaka yake.

Naandika haya kwa sababu korongo limefika karibu na jiko letu. Mwaka juzi lilikuwa nyuma ya choo cha zamani, na choo hicho sasa hakipo. Lolote litakalotokea msimu huu, nataka liwe limeandikwa na mtu aliyekuwepo.

1 Oktoba

Nimeshona sare za shule kutwa nzima. Hakuna jipya.

5 Oktoba

Siku ya kwanza ya kuchimba. Mume wangu alitutangulia na kifaa chake: miti miwili imefungwa pamoja juu, miguu ikiachana, mmoja umelazwa katikati, na jiwe la timazi linaning'inia kwa uzi kutoka juu. Uzi ukitulia kwenye alama, basi miguu yote iko usawa mmoja, na hapo tunapigilia kigingi. Tukavifuata vigingi kwa majembe na sururu. Udongo wa kilima ni mgumu kama sufuria iliyoungua. Sururu inagonga, inaruka, inakurudishia pigo hadi begani.

Jirani yangu mmoja alisema kama angejua ndoa itamfikisha huku angeolewa na mvuvi. Mwingine akamwambia mvuvi angempeleka akavute nyavu, raha ya mwanamke iko mbinguni. Tulicheka mpaka mwenyekiti akasema, "Kucheka baadaye. Baadaye, kucheka."

Mama mkwe anaishi nasi, kwenye chumba cha uani kinachotazama korongo. Macho yake yameingia ukungu, ila ulimi wake hauna hata doa. Nilirudi nimejaa vumbi, akataka nimweleze tumechimba mashimo ya namna gani. Nikamweleza, urefu, upana na kina. Akafikiri kidogo.

"Basi mmechimbia panya makaburi," akasema. "Na panya wenyewe walishahama."

9 Oktoba

Mikono imevimba. Siwezi hata kutunga uzi kwenye sindano.

12 Oktoba

Binti mmoja anayekaribia kuolewa amekuja kujaribu gauni lake la harusi. Nilipolivuta kiunoni, vidole vyangu vilikwaruza hariri na nyuzi tatu zikatoka. Nilisikia aibu ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa mwanagenzi. Mama yake akanishika kiganja, akakigeuza. "Dada, hii ni mikono ya fundi cherehani au ya mchimba visima?" Nilimwambia msimu huu ni ya wote wawili. Sasa nalala nimepaka mafuta na kujifunga vitambaa, nakaa kitandani kama bondia.

16 Oktoba

Leo ni siku ya kuandikwa yote.

Asubuhi tumewakuta mbuzi wa Kengele kilimani, kundi zima. Walikuwa wamekanyaga kingo za mashimo na kung'oa miche tuliyoipanda juzi. Miche mingine ilikuwa imelala chali, mizizi juu. Kuna mwanamke alilia, si kwa sauti, machozi tu, akaendelea kurudisha udongo kwa mikono.

Kanuni ya kikundi inasema mnyama atakayekamatwa atafungiwa uani mwa shule hadi mwenyewe aje azungumze mbele ya watu. Mwenyekiti akamtazama mume wangu. Nani mwingine angewaswaga? Mbuzi wale wanamjua. Akawaswaga bila kusema neno, kengele zikilia njia nzima, na watu wakatoka milangoni kutazama mtu anavyowakamata mbuzi wa kaka yake.

Kengele alikuja saa hiyohiyo. Hakupiga kelele. Siku zote nimemwona mtu mgumu, kisiki cha kujikwaa, asiyetaka kujua shida ya mwenzake. Nilitegemea matusi. Alisimama kwenye lango la shule, fimbo imelala begani.

"Kaka," mume wangu alisema, "kanuni tumeiweka wote."

"Wote akina nani? Mimi nilikuwa kwenye hao wote?"

"Ungebaki mkutanoni, ungesema neno lako."

"Neno langu ulikuwa nalo tayari. Unajua kilima kile kilikuwa na miti?"

"Najua."

"Hujui. Umesikia. Mimi ndiye ninayejua. Nimekibeba kilima kile mgongoni, gunia kwa gunia la mkaa, mpaka barabarani, ili wewe ukae darasani, kisha uende chuo ukafundishwe timazi. Leo umerudi na timazi yako, unanipimia pa kusimama mbuzi wangu."

Mume wangu alifungua lango. Mbuzi wakatoka wakisukumana.

"Hatujamaliza," mwenyekiti akasema.

"Tumemaliza," akasema mume wangu. Na kwa mara ya kwanza, mwenyekiti hakurudia neno lake.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe ameshasikia yote, maana habari ina miguu kuliko mbuzi. Miaka yote ya ndoa yangu nilijua kwamba mume wangu alisomeshwa kwa shida. Sikuwahi kuuliza shida hiyo ilikuwa ya nani. Nikamuuliza mama kama ni kweli.

"Baba yao alikufa wakiwa wadogo," akasema. "Nilikuwa na watoto wawili na kilima kimoja. Mwenzangu, ungenishauri nini?"

Akaniomba nimfungie nguo zake. Anahamia kwa Kengele, ng'ambo ya korongo. Nilimsihi asiondoke kwa hasira. "Sina hasira," akasema. "Huyu mdogo ana watu wengi wa kumpigia makofi. Yule yuko peke yake." Ni kweli. Shemeji alifiwa na mke miaka mingi iliyopita, na binti zake wameolewa mbali.

17 Oktoba

Tumemvusha mama. Chumba cha uani kimebaki na harufu ya mafuta yake ya viungo.

18 Oktoba

Mume wangu hajasema kitu tangu juzi, zaidi ya "chumvi" na "asante".

22 Oktoba

Ukuta wa tatu umekamilika. Ndio mkubwa na ndio wa chini kabisa, unalikata korongo kati ya nyumba yetu na ya Kengele. Mawe yamepangwa bila saruji, makubwa chini, katikati pameachwa chini kidogo ili maji yakizidi yapite hapo.

Lakini una kilema. Upande wetu mume wangu amechimba ndani ya ukingo, akaufukia ukuta humo kama jino kwenye ufizi. Upande wa pili Kengele amekataa mtu kuchimba kwenye ardhi yake. Kwa hiyo ukuta umeugusa ukingo tu, kama mgeni aliyekaa ncha ya kiti. Nilimuuliza mume wangu itakuwaje. "Tuombe mvua za adabu," akasema.

27 Oktoba

MVUA!

Ilianza mchana nikiwa kwenye cherehani. Nilisikia matone mawili juu ya bati, kisha bati lote likaanza kuongea. Mume wangu alikuwa ameshatoka mbio bila viatu, mtu wa makamo na mvi zake. Nikamfuata na mwavuli ambao upepo uliupindua palepale. Kilimani tulikuta nusu ya kikundi wamesimama kwenye mvua kama ng'ombe. Mashimo yalikuwa yanajaa. Maji yaliteremka, yakaingia shimo la juu, yakazunguka, yakatulia, likajaa, yakachungulia pembeni na kwenda shimo la chini. Nimeishi hapa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sijawahi kuona maji yakisimama kwenye kilima kile.

Mwenyekiti aliweka mkono wake kwenye shimo mpaka kiwiko. "Yamekaa," akasema. "Jamani, yamekaa."

Mume wangu aligeuka nyuma mara moja, akatazama ng'ambo. Najua alitaka nani aone.

29 Oktoba

Tumepanda mahindi.

10 Novemba

Hakuna mvua.

13 Novemba

Hakuna mvua. Mahindi yamejikunja majani kama mtu anayehesabu vidole vyake.

16 Novemba

Hakuna. Mawingu yanakuja, yanatuchungulia, yanapita.

19 Novemba

Sasa yamezuka maneno. Wanasema mashimo yetu yamekasirisha mvua. Wengine wanasema yamemeza maji ambayo yangekuwa visimani. Wanaosema si wageni, ni watu waliochimba nasi. Kwa kuwa mvua haina mlango wa kugonga, wanagonga kwa mwenyekiti, yaani hawanunui mikate yake. Nimemwona leo akipita na kapu kichwani, mikate imejaa vilevile kama ilivyotoka asubuhi. Akasimama katikati ya njia akasema kwa sauti, "Mkate haukuchimba shimo! Nimesema, mkate haukuchimba shimo!" Nikanunua mmoja. Nilitaka kucheka lakini nilipomwangalia usoni niliona hajalala siku nyingi.

Na mimi? Ninaandika humu ili nisiseme kwingine: nami nimeanza kuogopa kwamba tumekosea.

21 Novemba

Nimevuka kwenda kumwona mama mkwe. Tangu ahamie, nilikuwa namtumia vitu kwa watu. Leo nimekwenda mwenyewe.

Nilimkuta amekaa kivulini mwa zizi, anachambua maharage kwa vidole, bila macho. Zizi lile ni la mawe matupu, kuta zimenifika kifuani, zimepangwa vizuri kuliko nyumba nyingi. Mbuzi walikuwa ndani mchana kweupe. Sikuwatambua. Mbavu unazihesabu, manyoya yamekosa mng'aro. Kengele zao zilikuwa zinagonga kidogo kidogo tu, maana hawakuwa na nguvu ya kuruka.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Amekwenda kutafuta majani," mama akasema. "Huondoka alfajiri, hurudi jua likiwa utosini. Jioni huenda tena."

Alikuja nikiwa pale. Alikuwa amebeba mzigo wa matawi mkubwa kuliko yeye, ameinama, kamba imemkaa kwenye paji la uso. Kwa mbali niliona kichaka kinatembea. Akaufungua mzigo, mbuzi wakaumaliza kabla hajanawa mikono.

"Shemeji," akanisalimu, "karibu. Umekuja kukagua?"

"Nimekuja kumwona mama."

"Basi umemwona na mwanawe." Akakaa. Shingo yake ilikuwa na alama nyekundu ya kamba. Nikamwambia, kwa upole nilioweza, kwamba mbuzi wasingefika hali hii kama angekuja tukapanga pamoja.

"Shemeji, wewe ni fundi," akasema. "Wakija watu wakakwambia msimu huu hakuna kushona, kwa faida ya kijiji, utanyoosha mkono?"

"Hapana."

"Hata mimi sikunyoosha." Akaikunja kamba yake. "Sijasema mashimo ni mabaya. Nimeyaona maji yalivyokaa. Nilipanda kuangalia, usiku, nikiwa peke yangu kama mwizi. Lakini hakuna aliyeniuliza mbuzi watakula nini. Hata mmoja. Hata yule niliye... basi."

Mama aliendelea kuchambua maharage. Njiani kurudi nilijaribu kukumbuka, kwenye mikutano yote, ni nani aliyeuliza swali hilo. Sikumkumbuka. Hata mimi sikuliuliza, na nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

24 Novemba

Mvua imerudi. Ndogo, ya kutwa, ya adabu. Mikate imeisha kabla ya saa nne.

2 Desemba

Nyasi! Ndani ya kila shimo pameota duara la kijani. Ukisimama huku chini, kilima kinaonekana kama kichwa cha mtoto aliyepona mapunye. Mahindi yamejinyoosha.

6 Desemba

Kikao cha kikundi. Nyasi zimerefuka, kila kaya iliyochimba itakata za sehemu yake. Nikasimama. Nikasema turuhusu Kengele akate kwa mkono na kubeba, mbuzi wasipande. Nyasi zikikatwa zitachipua tena, na mtu aliyefungiwa malisho yake apate pa kushika.

"Amechimba shimo gani?" akauliza mmoja.

"Halafu kesho kila mwenye mbuzi atakataa kuchimba," akasema mwingine. Hilo lilikuwa na mantiki, siwezi kulikataa.

Mwenyekiti akasema hapana, mara mbili. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama kucha zake. Nimerudi nyumbani nimekasirika hata cherehani imenikatia uzi mara nne.

7 Desemba

Alfajiri nimechukua mundu nikakata nyasi za sehemu yetu. Wakisema hazigawiwi, hizi ni zangu, nazitia ninapotaka. Nikazifunga, nikajitwika, nikavuka korongo kwa chini. Mundu ni butu, umenifanyia malengelenge mapya juu ya yale ya zamani.

Kengele alipokea mzigo. Hakunishukuru. Alisema, "Umefunga vibaya, shemeji, zitakumwagikia njiani," akanionyesha fundo lenyewe.

Nilimkuta mume wangu mlangoni. Aliniona natokea upande ule, nyasi zimening'inia kwenye nywele. Akapisha nipite.

8 Desemba

Nimeamka nikakuta mundu umenolewa. Unakata hata unyoya. Umewekwa mahali pake, kama haukuguswa. Jiwe la kunolea la mume wangu bado lina maji.

11 Desemba

Leo nimepeleka mizigo miwili. Mmoja sikuufunga mimi. Fundo lake lilikuwa la mwashi.

19 Desemba

Kila kiungo kinauma lakini lazima niandike kabla sijalala, nisije nikaanza kupamba.

Mchana mawingu yalikusanyika nyuma ya kilima, meusi, na upepo ukakatika ghafla. Mume wangu alisema, "Hii haina adabu." Ilipoanza, haikuwa matone, ilikuwa ukuta. Mashimo ya kilimani yalifanya kazi yake. Yalijaa, yakashikilia, na kama yasingekuwepo nisingekuwa naandika hapa. Lakini maji yaliyozidi yalikuja korongoni, na korongo likaanza kunguruma.

Tulisimama upande wetu, mimi na mume wangu. Ukuta wa kwanza ulishikilia. Wa pili ulishikilia. Kwenye ukuta wa tatu maji yalipanda hadi juu, yakapita katikati kama yalivyopangiwa, nikaanza kushukuru. Halafu nikaona mume wangu anatazama ng'ambo.

Kule ambako ukuta ulikuwa umeugusa ukingo tu, maji yalikuwa yamepata upenyo. Ulikuwa mdogo, upana wa ndoo. Maji yaliuzunguka ukuta na kuula udongo mwekundu, na kila nilipopepesa macho upenyo ulikuwa mkubwa zaidi. Nyuma ya upenyo ule kuna zizi. Nyuma ya zizi kuna nyumba. Na mlangoni mwa nyumba alisimama mama mkwe, anageuza sikio huku na huku.

"Maji yako upande gani?" alikuwa anapiga kelele. "Nyie wanaume, semeni, yako upande gani?"

Kuvuka hakukuwezekana. Kengele alitoka mbio na jembe, akawa anarudisha udongo, na maji yakiuchukua kabla haujatua.

"Si udongo!" mume wangu alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Kaka! Mawe! Tia mawe!"

Kengele akageuka. Hakukuwa na mawe. Yote ya karibu tulishayaokota tukayajenga. Yaliyobaki ni yale ya zizi.

Mume wangu aliliona hilo sekunde ileile. Alifumbua mdomo, akaufumba. Nilimwona. Aliyebebewa kilima kizima alishindwa kumwomba kaka yake kitu kimoja zaidi. Kwa hiyo nilipiga kelele mimi, lakini sidhani kama alinisikia, kwa sababu nilipopata pumzi Kengele alikuwa ameshatupa jembe na kuusukuma ukuta wa zizi kwa bega.

Ulianguka kwa ndani. Mbuzi walimpita wakitoka, kengele zote zikilia kwa pamoja, wakapotelea kwenye mvua. Hakuwaangalia. Akabeba jiwe la kwanza, akalibwaga kwenye upenyo. La pili. La tatu.

"Kubwa kwanza!" mume wangu akapiga kelele. "Laza! Usisimamishe, laza! Ingiza ndani ya ukingo!" Na Kengele, ambaye hajawahi kupokea amri ya mtu, alilaza, akaingiza ndani, akarudi kuchukua jingine. Mara moja jiwe lilimteleza. Aliinama, akaukumbatia mkono wake tumboni. Nilidhani amemaliza. Akaendelea kwa mkono mmoja, akiyaviringisha kwa mguu.

Kando yangu mume wangu alikuwa amenyoosha mikono mbele, anafumba na kufumbua vidole kama anayebeba mawe yale mwenyewe.

Mvua ilipungua kabla ya magharibi. Ukuta umesimama. Tulivuka maji yakiwa bado kiunoni, tumeshikana. Kengele alikuwa amekaa chini, ameegemea kilichobaki cha zizi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimesagika. Mume wangu alipiga magoti, akavua shati lake, akaanza kumfunga.

"Kaka," akasema, akikaza fundo.

"Jiwe la mwisho sijalilaza vizuri," Kengele akamwambia. "Kalitazame kesho."

20 Desemba

Asubuhi hatukusikia kengele hata moja. Tulianza kutafuta tukiwa tumejiandaa kwa mabaya. Kisha mtu akanyoosha kidole juu.

Mbuzi wote walikuwa kilimani. Wameshiba, wametawanyika kati ya mashimo, wengine wamelala kwa raha zao. Kikundi kizima kilikuwa chini kimekuja kuona uharibifu. Mwenyekiti alikuwa mbele. Akautazama ukuta, na pale palipozibwa. Akatazama zizi lililokuwa zizi, na mkono wa Kengele uliofungwa. Mwisho akatazama kilima.

Tulisubiri.

"Mimi macho yangu siku hizi hayaoni mbali," akasema. "Sioni mbuzi yeyote. Kuna anayeona mbuzi?"

Hakuna aliyeona. Mama mkwe peke yake alisema, "Mimi nawasikia," na ndipo watu wakacheka, na vicheko vyetu vilikuwa na machozi ndani yake.

28 Desemba

Tabibu wa zahanati amesema kidole kimoja hakikuokoka na kingine hakitakunjika tena. Kikundi kimekaa, kikakubali wafugaji wote wakate nyasi kwa zamu. Mjumbe alipompelekea Kengele habari hiyo, alijibu, "Asanteni. Mwakani mniulize kabla."

4 Januari

Mume wangu huvuka kila asubuhi kukamua mbuzi. Hawezi. Leo mmoja amempiga teke akapindua ndoo, na Kengele, kutoka kitandani, akamwambia hata timazi haikumsaidia. Amerudi nyumbani ananuka maziwa kifua kizima. Nimemsikia anapiga mluzi anaponawa.

15 Januari

Zizi jipya limefika magotini. Mawe yametoka mbali, kikundi kimeyabeba. Yale ya zamani yamebaki ukutani. Kengele anakosoa kila mstari.

9 Februari

Tumevuna. Si mavuno ya kuimbiwa, kile kiangazi cha Novemba kilitukata. Lakini ghala lina kitu, na nyuma ya ukuta wa tatu korongo limejaa mchanga unyevu. Ukichimba kwa mikono, kina cha karai, maji yanajikusanya yenyewe. Korongo halijasogea hata unyayo kuelekea jikoni kwetu. Mahali choo kilipokuwa hatutapapata tena, na nimeacha kupaombolezea.

Mama mkwe hajarudi kwetu na sidhani kama atarudi. Ila mume wangu ameupanua ukuta kwa juu, akaulazia mawe bapa, na sasa mama huvuka akishikwa mkono, asubuhi upande huu, jioni upande ule, akitukosoa pande zote mbili.

Leo jioni alisimama katikati ya ukuta, wanawe wamemshika huku na huku, mimi nyuma na kapu lake. Akageuza uso kuelekea juu.

"Niambieni kilima kikoje," akasema. "Na msinidanganye."

"Kimekuwa kijani, mama," mume wangu akaanza. "Kizima, kuanzia juu mpaka—"

"Mwongo huyo," akasema Kengele. Akakiangalia kilima kama mtu anayeangalia mzigo aliowahi kuubeba. "Bado, mama. Kuna nyasi. Kuna mahali pengi pekundu. Miche ipo, mingine imekufa. Iliyo hai imefika magotini."

"Magotini kwa nani? Kwako?"

"Kwa mbuzi."

Mama alicheka hadi miguu ikamwishia nguvu. Akaketi palepale juu ya mawe, na wanawe wakaketi naye, mmoja huku na mmoja kule.